ARTHUR WA MERLIN ALIANZA NA NYODO, AKAMALIZA MFALME. MIMI NAMKUBALI, NA NITAWAAMBIA KWA NINI

Wadau, leo naomba tugombane kidogo.

Kila ukianzisha stori ya Merlin hapa Moshi, uwe Pasua, Majengo au Kiboriloni, awe mtu aliiangalia kwenye kibanda umiza au kwenye flashi ya kuazima, utasikia maneno yale yale. "Merlin mtu poa sana, ila yule Arthur ana dharau, nilikuwa simpendi." Wengine wanakwambia kabisa waliacha episodi ya pili kwa sababu yake.

Sawa, Arthur wa mwanzo hapendeki, hilo sibishi. Ila mimi nasema hivi: kwenye tamthilia nzima ile hakuna mtu aliyekua kuliko Arthur, na ukimwelewa yeye utawaelewa watu wengi unaokaa nao mtaani. Kama hujamaliza kuangalia, ishia hapa, maana natoboa mpaka mwisho.

Kwa wasioijua, nawapa kwa kifupi. Merlin ni tamthilia ya BBC ya Uingereza, ilianza Septemba 2008 ikaisha tarehe 24 Desemba 2012. Sizoni tano, episodi 65. Colin Morgan ndo Merlin, kijana wa kijijini aliyezaliwa na uchawi. Bradley James ndo Arthur, mtoto wa Uther, mfalme wa Camelot. Sasa Uther amepiga marufuku uchawi, ukikamatwa unauawa. Merlin anaishia kuwa mtumishi wa Arthur, anamwokoa kila siku kwa uchawi wake kwa siri, na Arthur hajui kitu. Anadhani ni bahati tu, au ni ufundi wake mwenyewe wa upanga.

TUANZE NA UBAYA WAKE

Mnakumbuka siku ya kwanza tunamwona? Yuko na washkaji zake, anamlazimisha mtumishi abebe ubao wa shabaha huku akikimbia, yeye anarusha visu. Mtumishi anatetemeka, washkaji wanacheka. Merlin ndo kwanza anaingia mjini, hamjui mtu, anasema basi inatosha. Badala ya kuona aibu, Arthur anataka kupigana, na Merlin analala ndani.

Huku kwetu tungesema huyu ni mtoto wa Mangi. Tangu azaliwe hajawahi kusikia neno "hapana" kutoka kwa mtu yeyote isipokuwa baba yake. Akishinda anasifiwa, akikosea anasifiwa. Mtu wa hivyo anajuaje kama yeye ni hodari kweli au watu wanamwogopa tu? Hajui. Na ndo maana anajimwambafai, maana ndani yake hana uhakika.

Na wa hivyo tunao wengi, sitaji majina, kila mtu anaye wake kichwani. Kuna msanii akipata wimbo mmoja mkubwa hapokei simu za watu aliolala nao gheto moja. Kuna binamu wa Dar anayekuja Desemba na gari, anapita na vioo juu hata kwa mama mkubwa hasimami. Tukimwona mtu kama huyo tunasema neno moja: "Mwache, dunia itamfunza." Yaani tunasubiri aanguke ili tufurahi.

Hapo ndo mimi napingana na wengi.

KIPIGO HAKIMKUZI MTU

Wazee wa huku mlimani wana hadithi ya Kibo na Mawenzi. Inasimuliwa kwa namna nyingi, ila kiini ni kimoja. Moto wa Mawenzi ulikuwa unazima, anakwenda kwa Kibo kuomba. Anapewa. Anarudi tena kuomba. Anapewa. Akarudi tena, mpaka Kibo akachoka na hiyo tabia, akamtandika. Ndo maana mpaka leo, asubuhi mawingu yakifunguka, unamwona Kibo amekaa ametulia na theluji yake, mita 5,895, na Mawenzi pembeni upande wa mashariki, mita 5,149, amechongoka na makovu mwili mzima.

Utotoni tunaipenda hiyo hadithi kwa sababu mjanja kakomeshwa. Lakini hebu jiulize, baada ya kile kipigo Mawenzi alijifunza nini? Kwa jinsi nilivyoisikia mimi, hakuna anayesema. Alipigwa, akabaki na makovu, stori ikaisha. Alama zipo, ila hatuambiwi kama tabia ilibadilika.

Arthur naye alitandikwa sana na maisha. Baba yake alimweka ndani, alimwaibisha mbele ya watu, alimtisha. Hakuna hata mara moja aliyotoka kwenye kipigo cha Uther akawa mtu bora. Kila alipokua, ilikuwa ni kwa sababu ya vitu viwili: kuna mtu alimwambia ukweli, na yeye mwenyewe akakubali kulipa gharama. Twende na mifano, msije mkasema naongea hewani.

UA LA KUMPONYA MTUMISHI

Sizoni ya kwanza, episodi ya nne. Merlin anakunywa sumu iliyowekwa kwenye kikombe cha Arthur. Ili apone linatakiwa ua linaloota kwenye pango huko mbali. Uther anakataa: mtoto wa mfalme hawezi kuhatarisha maisha kwa ajili ya mtumishi. Arthur anaondoka usiku bila ruhusa, analileta. Akirudi, baba anamfunga na lile ua analisaga mkononi mbele yake. Ikabidi Arthur amkabidhi Gwen kilichobaki, akitokea mlemle gerezani.

Angalieni, huyu ndo yule wa visu. Hakuna mtu aliyemhubiria. Ila aliona mtu wa chini yake amekunywa kifo kilichokuwa chake, na akashindwa kukaa kimya. Hapo dharau ilipata ufa wa kwanza.

Na bado hajabadilika! Kesho yake anaendelea kumtuma Merlin asafishe buti na kumrushia vitu. Hilo ndo nalipenda, maana mtu hakui kwa siku moja. Anapiga hatua mbili mbele, moja nyuma.

YUNIKONI NA MWIZI WA NAFAKA

Kama una muda wa episodi moja tu, angalia ya kumi na moja ya sizoni hiyo hiyo. Arthur yuko mawindoni, anamuua yunikoni, yule farasi mweupe mwenye pembe moja, kwa sifa tu. Laana inaangukia Camelot: mazao yanakauka, maji yanageuka mchanga, watu wanakufa njaa. Halafu anatokea mzee mlinzi wa yunikoni, anamwambia utapewa majaribu, ukishindwa watu wako ndo watalipa.

Jaribu la kwanza anamkamata mwizi anayeiba nafaka ghalani. Mwizi anasema wanawe wana njaa. Arthur anamwachia. Kafaulu.

Jaribu la pili anakutana na mwizi yule yule, na safari hii anamtukana: wewe ni dhaifu, baba yako angejua ulichofanya angekuona hufai. Arthur anajua kabisa kwamba anajaribiwa. Ila maneno yamemgusa pale pale kwenye kidonda, anachomoa upanga, anamuua. Kafeli. Na watu wanaendelea kufa kwa sababu ya kiburi cha dakika moja.

Hapa waandishi walinikosha. Wametuonyesha kwamba mwenye nyodo huruma anayo, ila ukimgusa heshima yake hajiwezi. Kutoa msaada ni rahisi kwa sababu unatoa ukiwa juu. Kudharauliwa na mtu wa chini ukanyamaza, hapo ndo pagumu.

Jaribu la mwisho, meza, vikombe viwili, yeye na Merlin. Kimoja kina sumu, na vyote lazima vinywewe. Arthur anamimina vyote kwenye kikombe kimoja na kunywa. Alijua anakufa. Kumbe ilikuwa dawa ya usingizi, na laana ikaisha. Safari hii hakuwa na watu wa kumpigia makofi, wala baba wa kumwona. Mtu mwenye sifa akifanya jambo gizani, ujue kuna kitu kimehama ndani yake.

NYUMBANI KWA GWEN

Sizoni ya pili, episodi ya pili, hii inachekesha. Arthur anagundua watu wanamwachia ashinde mashindano kwa sababu ni mtoto wa mfalme. Anaumia. Anajificha ashindane bila jina, mkulima mmoja anasimama kama ndo mwenye ushindi. Akawa anakaa kwa siri nyumbani kwa Gwen, mtumishi wa Morgana.

Mgeni kafika kwenye nyumba ya chumba kimoja, kachukua kitanda. Mwenye nyumba kalala chini! Hata hakuona kama kuna tatizo mpaka Gwen mwenyewe alipompasulia: huna adabu, huoni watu. Sasa mtoto wa mfalme kusemwa hivyo na binti wa mhunzi, tulitegemea awake. Hakuwaka. Aliomba radhi, akaahidi kupika. Kupika kwenyewe hakuwezi, akamtuma Merlin kubeba chakula jikoni kwa mfalme, na akakamatwa uongo. Tulicheka sana.

Lakini mwishoni ameshinda mashindano, angeweza kuvua kofia mji mzima umshangilie. Akamwacha yule mkulima apokee sifa. Yaani alishapata alichokuwa anatafuta: amejua kwamba anaweza. Mtu akishajua hivyo, kelele hazimsaidii kitu.

MFALME ANAYEOMBA RADHI

Sizoni ya nne Uther kafariki, Arthur ndo mfalme. Wengi wetu tukipewa madaraka ile tabia ya zamani inarudi na tumbo juu. Na kweli ilirudi. Kwa ushauri wa mjomba wake, anamuua mfalme mwenzake Caerleon aliyekuwa mateka, ili asionekane legelege. Mjane wake, malkia Annis, anakuja na jeshi.

Arthur akafanya kitu ambacho baba yake asingekifanya hata kwa ndoto. Akaingia kambi ya adui usiku, akamwambia Annis nilikosea, naomba radhi, tusiwaue watu wetu wengi, wapigane mmoja wako na mmoja wangu. Halafu huyo mmoja akawa yeye mwenyewe. Akashinda, mpinzani yuko chini, hakummaliza. Malkia akakubali yaishe.

Ukiniuliza alikua lini, nitakwambia hapo. Uoga haukuwepo, jeshi alikuwa nalo, mfalme ni yeye. Aliomba radhi akiwa na uwezo wa kutoomba.

NA MORGANA JE?

Sasa niwakumbushe kitu ambacho mashabiki wa "Arthur ana dharau" hawapendi kukumbushwa. Siku ya kwanza mliyomchukia Arthur, mlimpenda nani? Morgana. Katie McGrath, mrembo, ana huruma, anamjibu Uther mezani, anawatetea wanyonge. Sizoni ya kwanza Morgana alikuwa mtu bora kuliko Arthur mara kumi.

Sizoni ya tano yuko wapi? Ndo adui mkubwa, roho imeungua, anaua bila kupepesa.

Nini kilitokea? Morgana alikuwa na uchawi na aliogopa, na hakuna aliyemwambia ukweli. Merlin, mtu pekee ambaye angeweza kumwambia "hata mimi niko hivyo", alinyamaza. Tena ikafika siku akamwekea sumu. Arthur mwenye nyodo alizungukwa na watu wanaomwambia ukweli: Merlin kwa utani, Gwen kwa hasira, Gaius kwa hekima. Morgana mwenye huruma aliachwa peke yake na hofu yake. Mmoja akapanda, mwingine akashuka.

Kwa hiyo tuache kuwapima watu kwa episodi ya kwanza. Yule anayejibu vizuri leo hujui kesho atakuwa nani, na yule anayekukera leo labda hajapata mtu wa kumwambia "umechukua kitanda cha mwenye nyumba."

ILA KUNA DENI HALIJALIPWA

Najua mtanijibu: sawa, Arthur kakua, lakini kakua mgongoni kwa nani? Hapo mmenipata pazuri, na sitaki kukwepa.

Sisi wa huku tunamjua Merlin ni nani. Merlin ni mgumu. Wageni hawaelewi neno hilo, wapagazi wa mlimani tunawaita wagumu. Mgeni anatoka geti la Marangu au Machame na kibegi kidogo cha maji. Mgumu ana mzigo ambao kwa taratibu mwisho wake ni kilo 20, na bado anampita mgeni njiani. Mgeni akifika kambini anakuta hema limesimama na maji ya moto yako tayari, anasema leo nimetembea vizuri! Usiku wa kwenda kileleni mara nyingi mgumu anabaki kambini, kwa hiyo kwenye ile picha ya Uhuru yeye hayumo. Siku ya mwisho wakishuka ndo wanakusanyika, wanaimba, na mgeni anasema asante.

Arthur ni huyo mgeni. Miaka yote anashinda vita, anadhani ni upanga wake. Nyuma kuna mtu amesimamisha hema.

Na hapa ndo kiburi chake cha mwisho kilipojificha. Alijifunza kumheshimu mkulima, akawapa ukapteni na ushujaa watu wasio na ukoo, akamwoa Gwen binti wa mhunzi. Ila mtu aliye karibu yake kuliko wote hakumwona. Na chuki ya uchawi aliyoachiwa na baba yake aliibeba mpaka sizoni ya mwisho. Kwenye episodi ya tano ya sizoni hiyo alipewa nafasi ya kuukubali, akakataa, na kwa uamuzi huo Mordred akapona, Mordred ambaye ndo baadaye alimchoma upanga.

Tumezoea kwamba steringi hafi. Huyu anakufa. Akiwa na jeraha lile ndo Merlin anamwambia, mimi ni mchawi, nimekuwa hivyo siku zote. Kwanza Arthur anamfukuza asimsogelee. Halafu taratibu, porini, wakiwa wawili tu, anaanza kuunganisha: kumbe siku ile ilikuwa wewe, na siku ile pia. Na karibu na ziwa, pumzi inaisha, anamwambia asante. Baada ya episodi 65.

Watu walilia. Kilichonigusa mimi kuliko kile kifo ni kwamba ile asante ilichelewa. Mtu alishaiva kuisema tangu zamani, tangu siku ya vile vikombe viwili, ila mazoea ya ubosi yalimziba macho.

Kwa hiyo msimamo wangu ndo huu. Arthur alikua kweli, hakuna aliyekua kama yeye, na mwenye nyodo yeyote anaweza kukua akipata mtu wa kumwambia ukweli bila kumkomesha. Lakini kukua kwake hakukukamilika mpaka alipogeuka nyuma akamwona aliyembeba. Desemba watu wakijaa vijijini, Kibosho, Rombo, Marangu, mtori uko mezani na mbege inazunguka, kuna dada yuko jikoni tangu alfajiri na hakuna aliyemuuliza kama amekula. Mwenye gari lake Prado anaweza kuwa amebadilika, anasalimia wote, ananunua soda za mtaa mzima. Mimi nitamwangalia kama ataenda mpaka jikoni.

Haya, uwanja ni wenu. Nani alikua zaidi, Arthur au unaye mwingine? Na wale wa "Morgana alionewa", najua mpo, shukeni hapo chini tuongee. Matusi hapana.